Blogu na podikasti kwa chuo cha Lubumbashi: tuanze na kipi, kwa lugha gani, na tutapimaje faida yake?

Swali: Mimi ni mama ninayesimamia mawasiliano katika chuo cha juu cha binafsi hapa Lubumbashi. Mkurugenzi wetu mkuu amesikia kwamba vyuo vya nje hupata wanafunzi kwa njia ya blogu na podikasti, yaani makala za tovuti na vipindi vya sauti vya mtandaoni, naye ametaka tuanzishe vyote viwili kabla matokeo ya mtihani wa Serikali wa kumaliza sekondari hayajatoka. Ofisini tuko wawili tu, tuna kompyuta moja na simu zetu. Je, tuanze na kipi? Tutumie Kifaransa au Kiswahili? Mabango na matangazo ya redio tuyaache? Na tutajuaje kama kazi hii imeleta wanafunzi au imetumaliza nguvu bure?

Jibu: Mama mpendwa, anzeni na blogu, nayo iwe na makala chache zinazojibu maswali ambayo waombaji na wazazi huja nayo dirishani kwenu kila mwaka. Makala hizo zikishasimama, tengenezeni podikasti fupi, ya dakika sita au saba, ambayo faili lake litatumwa kwa WhatsApp na kusikilizwa hata na mtu asiyekuwa na mega za intaneti za kufungua tovuti. Maandishi yawe kwa Kifaransa chepesi, na sauti iwe kwa Kiswahili. Mabango na redio msiviache, kwa sababu vinafanya kazi nyingine: bango humjulisha mtu kwamba chuo kipo, lakini haliwezi kumjibu anapouliza kama kijana wake aliyechukua chaguo la ualimu sekondari anaweza kuingia informatiki, yaani masomo ya kompyuta, wala kumweleza ada inalipwa kwa awamu ngapi. Blogu na podikasti zinaanza pale bango linapoishia.

Nimezigawa lugha hivyo kwa sababu ya namna uamuzi wenyewe unavyofanyika katika nyumba zetu. Kijana wa Lubumbashi hachagui chuo peke yake. Akirudi na asilimia zake, jambo hilo hukaliwa na watu: baba na mama, mjomba anayefanya kazi mgodini Kolwezi ambaye pengine ndiye atakayelipa, shangazi, wakati mwingine hata mchungaji au padri wa parokia. Kijana ndiye anayetafuta habari katika simu, naye hutafuta kwa Kifaransa, kwa sababu sekondari yote ameisoma kwa Kifaransa, fomu ni za Kifaransa, na majina ya idara na masomo anayajua kwa Kifaransa. Wale wanaolipa hutaka mambo mengine. Wanataka kujua kama chuo kimekubaliwa na Serikali, kama diploma yake itapokelewa kazini, kama binti yao atarudi nyumbani kabla giza halijaingia, na kama ada waliyoambiwa leo haitapanda katikati ya mwaka. Mambo hayo wao huyapima kwa kumsikia mtu akiongea. Masikio yao yamelelewa na redio. Radio Okapi, kwa mfano, tangu ilipoanza mwezi wa pili 2002 imekuwa ikitangaza kwa Kifaransa na kwa lugha zetu nne za taifa, Kiswahili kikiwemo. Mama anayeuza unga katika soko la Kenya, komuni ya hapa Lubumbashi, hatafungua tovuti yenu saa za kazi, lakini akitumiwa sauti na mtoto wake ataisikiliza huku akipima unga, na jioni ataizungumzia nyumbani. Chuo kinachoandika kwa ajili ya kijana peke yake kimezungumza na mtu asiyeshika fedha, na kinachozungumza na wazazi peke yao kimemwacha yule atakayekaa darasani miaka mitatu au mitano.

Sasa nije kwenye blogu yenyewe, ambako mna kazi kubwa zaidi. Makosa ninayoyaona mara kwa mara katika kurasa za vyuo vya mji huu ni mawili. La kwanza ni tangazo lenye muhuri ambalo limepigwa picha na kupandishwa kama lilivyo. Kwa macho ya ofisi, muhuri ndio unaolipatia tangazo uzito, nami sipingi. Lakini picha ya karatasi ni nzito kufunguka, haisomeki katika simu ndogo mpaka mtu aivute huku na huku, na yule anayetafuta katika Google huenda asiipate kabisa, kwa kuwa mitambo ya kutafuta hutegemea zaidi maandishi yenyewe. Wekeni picha ya tangazo mwishoni kwa wale wanaotaka kuona muhuri, lakini kila neno lililo ndani yake liandikwe upya juu yake kama maandishi ya kawaida.

Kosa la pili ni sifa. Sentensi kama «chuo chetu ni kitovu cha ubora, chenye walimu waliobobea na mazingira ya kisasa» imeandikwa na kila chuo kutoka hapa hadi Kisangani, na kwa hiyo haimsaidii mzazi kuchagua. Jaribuni kuandika hivi: «Chumba cha kompyuta hufunguliwa saa mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni. Kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ana saa nne za vitendo kwa wiki, na umeme ukikatika siku ya mtihani wa vitendo, jenereta huwashwa.» Hizo saa nne nimeziweka kama mfano, ninyi wekeni zenu za kweli. Mzazi anayesoma maneno hayo anaona mahali, anaona kwamba mmefikiria umeme, na anaweza kuja kuhakikisha mwenyewe. Kama jambo hilo haliko kwenu, msiliandike, kwa maana mwanafunzi wa kwanza atakayelikosa ataiambia avenue yake nzima.

Maswali ya kujibu hamna haja ya kuyabuni. Mpeni yule anayekaa dirishani wakati wa uandikishaji daftari, na kila swali analoulizwa aliandike kwa maneno yaleyale ya muulizaji, bila kulisafisha. Kufika mwisho wa juma la pili mtakuwa na orodha ambayo hakuna mtaalamu anayeweza kuwauzia. Kila swali lililorudi mara nyingi liwe makala moja, na kichwa cha makala kiwe ni swali lenyewe, kwa kuwa hivyo ndivyo kijana atakavyoliandika katika simu yake: jina la idara, neno ada au masharti, na jina la mji.

Nichukue swali moja kama mfano, kwa sababu naona linawachanganya wazazi kuliko mengine yote. Wazazi wengi waliosoma, au waliosomesha wadogo zao, wanaujua utaratibu wa zamani: mwanafunzi alisoma miaka mitatu akapata gradua, kisha akaongeza miaka miwili akapata lisansi. Katika mfumo wa LMD, uliosambazwa katika vyuo vya nchi kuanzia mwaka wa masomo 2021-2022, lisansi inapatikana kwa miaka mitatu, masta kwa miwili mingine, na udaktari unafuata baada yake. Baba aliyepanga fedha za miaka mitano ili mtoto apate lisansi, akisikia kwamba sasa inatoka kwa miaka mitatu, anaweza kushuku kwamba chuo kinamuuzia diploma ya haraka, au akafurahi mno bila kujua kwamba kazi fulani zitamdai mtoto masta. Makala nzuri juu ya jambo hili ingeweka mifumo hiyo miwili sambamba mwaka kwa mwaka, ingeeleza kredi ni nini na kwamba somo lililoangukwa hubebwa vipi, ingesema waziwazi ni idara zipi za chuo chenu zina masta na zipi hazina, na mtoto wa idara isiyo na masta anaweza kwenda kuendelea wapi. Hilo la mwisho mkurugenzi anaweza kuona gumu kuliandika, maana linamtaja jirani. Naomba mwandike hivyohivyo. Mzazi aliyeambiwa ukweli huo mapema atawaamini katika mengine yote, na yule ambaye angeugundua katika mwaka wa tatu angewachukia kwa haki.

Makala nyingine ambazo singezikosa ni ile ya ada, ile ya uhalali wa chuo, na ile ya masharti ya kuingia kwa kila chaguo la sekondari. Katika ya ada, andikeni jumla yote pamoja na yale madogo yanayoumiza: fomu, kadi, bima kama ipo, maabara, mazoezi ya kazini, na kutetea kazi ya mwisho. Andikeni inalipwa kwa dola au kwa franga, kwa kiwango gani cha kubadilisha, na katika benki gani, pamoja na onyo kwamba hakuna mtu anayeruhusiwa kupokea fedha za chuo mkononi au kwa namba yake binafsi ya M-Pesa au Airtel Money. Kipindi cha uandikishaji huleta matapeli, na familia iliyoibiwa kwa jina la chuo chenu haitakuja kusoma kwenu hata kama kosa si lenu. Katika ile ya uhalali, wekeni namba na tarehe ya amri ya Serikali iliyokiruhusu chuo kufanya kazi. Kila makala yenye bei au tarehe ibebe juu kabisa mwaka wa masomo inaouhusu, na ile ya mwaka uliopita isahihishwe, isiachwe ikidanganya watu.

Idadi yake isiwatie hofu. Makala kumi au kumi na mbili zilizotimia zinatosha kufungua, na ni afadhali hizo kuliko ahadi ya kuandika kila wiki ambayo itavunjika mwezi wa tatu. Mtu akifungua ukurasa wa habari wa chuo na kukuta habari ya mwisho ni ya sherehe ya miaka miwili iliyopita, atajiuliza kama chuo bado kinapumua.

Zaidi ya majibu ya ofisi, blogu inahitaji sauti ya wanafunzi wenyewe, na hapo ndipo vyuo vya nje vina la kutufundisha. Chuo cha MIT huko Marekani kilianza mwaka 2004 kuweka maandishi ya wanafunzi katika tovuti ya ofisi inayopokea waombaji. Wanafunzi hao walilipwa. Mwaka 2009 malipo yalikuwa dola 10 kwa saa, hadi saa 4 kwa wiki, na walichoandika hakikupitiwa na ofisi kabla ya kutoka. Waliandika juu ya kukosa usingizi, juu ya masomo yaliyowashinda, juu ya chakula, na waombaji walirudi kusoma kwa sababu waliona mtu mwenye umri wao akiishi maisha wanayoyatamani na kuyaogopa. Sisemi mwige kila kitu. Chuo kile hakikuwa na shida ya kupata waombaji, shida yake ilikuwa kuchagua. Ninyi mko katika mji ambamo UNILU, yaani Chuo Kikuu cha Lubumbashi, yenye mizizi tangu 1955 na iliyopata tena uhuru wake mwaka 1981 baada ya miaka kumi ya kuwa ndani ya UNAZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, inajulikana na kila mzee kwa jina tu. Chuo kidogo hakiwezi kushinda kwa jina. Kinaweza kushinda kwa kuwa wazi kuliko wengine, na mwanafunzi anayeandika bila kuandikiwa ndiye ushahidi wa uwazi huo.

Chagueni wanafunzi watatu au wanne wasiofanana: binti wa mwaka wa kwanza, kijana anayefanya kazi usiku na kusoma mchana, mmoja aliyetoka mbali, Likasi au Kasenga, ambaye amepanga chumba mjini. Msiwachukue watoto wa walimu peke yao, wala wale wanaoongoza darasa peke yao. Mpeni kila mmoja jambo moja la kueleza, lililo dogo kiasi cha kushikika. Yule anayetoka Ruashi aeleze safari yake ya asubuhi: anaamka saa ngapi, anabadilisha gari mara ngapi, analipa kiasi gani kwenda na kurudi, mvua ikinyesha anafanyaje, na siku ambayo amekosa nauli huwa anamwomba nani. Makala kama hiyo, ya maneno mia nne tu, itasomwa na kila familia ya Ruashi inayojiuliza kama mtoto aende kwenu au atafute chuo kilicho karibu. Atakapoandika kwamba mwalimu fulani huchelewa au vyoo havina maji, msimfute. Rekebisheni majina ya watu ili asimdhalilishe mtu, kisha jibuni chini ya makala yake mtafanya nini na lini. Mlipeni, hata kama ni kwa kumpunguzia ada, na mwandikiane karatasi inayoonyesha kwamba ameridhia picha na maneno yake yatumike, na kwamba anaweza kuyaondoa akitaka.

Kabla ya kwenda kwenye sauti niseme neno juu ya mahali pa kuviweka vitu hivi. Vyuo vingi vya hapa vinaishi Facebook, na mnayo haki ya kuwa huko, kwa sababu watu wako huko. Lakini ukurasa wa mwenye mtandao ni nyumba ya kupanga. Mwenye kiwanja akibadili mawazo, unahama na vitu vyako usiku. Apple ilikuwa na iTunes U tangu 2007, vyuo vikubwa vya dunia vikajaza humo mihadhara yao, na mwaka 2021 ikafungwa. Google Podcasts, huduma ya podikasti ya Google, nayo ilifungwa mwaka 2024. Kwa hiyo nunueni jina lenu la tovuti, makala na mafaili ya sauti yakae hapo, na mitandao mingine ipewe viungo na nakala. WordPress inatosha kabisa kwa kazi hii na programu yenyewe haina malipo. Mtakachokilipia ni jina na mahali pa kuihifadhi. Chagueni mwonekano mwepesi, na kila picha ipunguzwe isizidi kilobaiti mia moja, kwa sababu mwombaji wenu anaifungua kwa mega alizonunua kwa siku.

Sasa podikasti. Jambo hili lilienea mwaka 2004, na katikati ya 2005 Apple ililiingiza katika iTunes, likawa la watu wengi. Liliota katika nchi ambazo mtu huacha kompyuta imeunganishwa usiku kucha, na vipindi vinashuka vyenyewe bila yeye kuhesabu gharama. Kwetu kila megabaiti ina mwenyewe. Hesabu yake ni rahisi na kila mtu wa mawasiliano anapaswa kuijua. Sauti iliyohifadhiwa kwa kilobiti 128 kwa sekunde, kama wengi wanavyoiacha bila kubadili, inakula karibu megabaiti moja kwa kila dakika; kipindi cha dakika arobaini na tano kitafika megabaiti 43, na hakuna mzazi atakayekishusha. Maneno matupu, bila muziki, yanasikika vizuri kwa kilobiti 64 na njia moja ya sauti badala ya mbili, na hata kwa kilobiti 32 bado yanaeleweka. Kipindi cha dakika sita kwa kilobiti 64 ni megabaiti 2,9, na kwa 32 ni megabaiti moja na nusu. Uzito huo mtu anautuma kwa mjomba Kolwezi bila kusita. Programu ya Audacity, isiyolipiwa, inawawezesha kukata, kusawazisha sauti na kuchagua kipimo hicho.

Tumeni kama faili la sauti, lenye jina linalosomeka, yaani jina la chuo, mada na mwaka. Msitume kama ujumbe wa sauti wa kawaida, ambao ukishapitishwa mara tatu hakuna anayejua ulitoka kwa nani. Kwa sababu hiyohiyo, msemaji ataje jina la chuo, mada na tarehe ndani ya sekunde ishirini za kwanza, na arudie jina na namba ya simu mwishoni kwa polepole, mara mbili. Sauti iliyopitishwa hupoteza kila kitu kilichoandikwa pembeni yake. Kinachobaki ni kile kilichosemwa.

Kipindi cha ada ningekipanga hivi. Baada ya jina na tarehe, mzazi halisi anauliza swali lake kwa maneno yake mwenyewe, kwa nusu dakika. Kisha mtu wa fedha anajibu kwa dakika mbili, akitaja jumla, awamu na tarehe ya mwisho ya kila awamu. Kila kiasi akitaje mara mbili, kwa sababu msikilizaji hana mahali pa kurudi kusoma. Anafuata mwanafunzi aliyelipa kwa awamu mwaka uliopita, anaeleza ilikwendaje na nini kilitokea alipochelewa. Dakika ya mwisho inasema ni wapi pa kulipa, na nani asipewe fedha. Basi, msiongeze muziki wa dakika nzima mwanzoni wala salamu kwa viongozi. Kila sekunde ya hizo mzazi anainunua. Maneno yote ya kipindi yaandikwe na kuwekwa katika tovuti chini ya sauti, kwa Kifaransa kama mna nguvu ya kuyafasiri, ili anayetafuta kwa maandishi apate naye.

Kurekodi hakuhitaji studio. Simu nzuri iliyowekwa shibiri moja kutoka mdomoni, katika chumba kidogo chenye mapazia, godoro au nguo zilizotundikwa, inatoa sauti safi kuliko maikrofoni ya bei katika ofisi tupu yenye sakafu ya vigae. Zimeni feni, wekeni simu katika hali ya ndege, na sikilizeni kwanza kama jenereta ya jirani inanguruma. Msimu unawasaidia: kuanzia mwezi wa tano hadi wa tisa ni nadra mvua kupiga mabati kwetu. Zaidi ya WhatsApp, pelekeni nakala ya kipindi katika redio za Likasi, Kipushi na kwingineko. Redio ndogo nyingi zina njaa ya vipindi vilivyokwisha kutengenezwa, na dakika sita ni rahisi kuziingiza. Spotify nayo hupandisha podikasti bila malipo, na ni vema mwe huko kwa ajili ya Wakongo walio nje wanaowalipia wadogo zao, lakini msitegemee kwamba wazazi wa Katuba watawatafuta huko.

Kuhusu Kiswahili chenyewe, mwacheni mzazi na mwanafunzi waongee kama wanavyoongea Katuba na Kamalondo, na maneno ya Kifaransa yaliyozoeleka yabaki. Msomaji wa utangulizi aongee Kiswahili kinachoeleweka na mtu wa Bukavu pia, kwa sababu vijana wa mashariki nao wanakuja kusoma huku. Mkipata mwanafunzi anayeweza kusimulia kwa Chiluba, kipindi kimoja kwa ajili ya familia za Kasai ni kazi yenye faida kubwa kwa gharama ndogo.

Ratiba nayo ina uzito wake. Kati ya kutoka kwa matokeo na kuanza kwa masomo kuna wiki chache, na katika wiki hizo hamtakuwa na muda wa kuandika, mtakuwa mnajibu. Kwa hiyo makala zote na vipindi vitano au sita viwe vimekamilika kabla ya mtihani, na wengi wa wale wa mwaka wa mwisho wa sekondari waanze kuvipata hata kabla ya kuketi mtihani, kupitia walimu wao na vikundi vya WhatsApp vya shule. Siku matokeo yatakapotoka, tumeni kwanza makala ya masharti ya kuingia, kwa maana siku hiyo kila kijana ana swali moja tu: kwa asilimia hizi na chaguo hili, naweza kuingia wapi? Mtu mmoja kati yenu wawili awe na kazi ya kujibu simu na WhatsApp siku ileile swali lilipoulizwa. Makala nzuri ambayo namba yake haipokelewi inamfundisha mzazi jambo baya juu ya chuo.

Linabaki swali lako la kupima. Hesabu ya waliofungua ukurasa itawafurahisha, lakini haisemi nani alilipa. Katika fomu ya uandikishaji ongezeni mstari mmoja: «Ni nani aliyekuambia habari zetu, na uliona au ulisikia nini kabla ya kuja?» Anayepokea fomu aulize kwa mdomo na kuandika jibu kamili, asiweke alama tu katika kisanduku, kwa sababu watu wengi watajibu «rafiki», na ukiuliza zaidi utakuta rafiki huyo alimtumia sauti yenu. Tumieni pia namba ya simu isiyotangazwa penginepo kwa ajili ya podikasti, ili kila anayeipiga mjue ametoka wapi. Mwishoni mwa uandikishaji wagaweni walioingia kwa chanzo, kisha hesabuni gharama ya kila njia, bango likiwemo, kwa kila mwanafunzi aliyelipa awamu ya kwanza. Angalieni tena baada ya mwaka mmoja ni wangapi wa kila kundi bado wapo darasani. Mategemeo yangu ni kwamba wale waliokuja baada ya kusoma ada yote na kusikia ugumu wote watakuwa wameacha masomo kwa uchache kuliko wengine, na kama ni hivyo kwenu, hapo mtakuwa na hoja nzito kwa mkurugenzi. Katika mwaka wa kwanza msitazamie umati. Makala zitaanza kupatikana kwa wingi katika Google polepole, na vikundi vya WhatsApp vinajengwa kwa kuaminiwa.

Kabla hamjaandika chochote, ombeni kwa mkurugenzi vitu viwili kwa maandishi: orodha ya ada zote za mwaka ujao iliyotiwa sahihi na mtu wa fedha, na ruhusa ya wanafunzi kuandika yasiyopendeza. Asipotoa cha kwanza, makala ya ada isitoke. Asipotoa cha pili, acheni kwanza sehemu ya wanafunzi na mfanye majibu ya ofisi peke yake, mpaka atakaporidhika kwamba maneno ya kweli hayafukuzi wazazi.